Kubadili meno ya difu ya pikapu: ipi ununue, ipi uiache

Malalamiko ninayoletewa na wenye Hilux yanafanana. Gari lilikuwa zima na tairi za 205R16, likavishwa 265/75R16, sasa likipanda Kitonga na mzigo linaomba gia ya pili na ile ya tano imebaki pambo. Wakaambiwa wabadili meno ya difu, wakabadili. Sasa gari lina nguvu, lakini difu inalia kuanzia spidi 60 mpaka abiria wanapandisha vioo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tairi ya kwanza ina kipenyo cha sm 74 hivi, ya pili sm 80. Kama difu yako ni 4.1, yaani propela inazunguka mara 4.1 ili tairi izunguke mara moja, zidisha kwa 80, gawa kwa 74, unapata 4.43. Kwa hiyo unachagua kati ya 4.3 (meno 43 kwa 10) na 4.556 (meno 41 kwa 9). Anayepandisha mbao au saruji milimani achukue 4.556. Anayekwenda Dodoma mtupu, 4.3 inamtosha.

Kelele zinatoka wapi? Meno ya difu ni gia mbili: krauni, ile kubwa ya duara, na pinioni, ile ndogo inayoizungusha, na hizo ni mtu na mwenzake. Kiwandani husagwa zikiwa zimekutanishwa, kisha kila moja huandikwa namba ileile: pinioni kichwani, krauni ubavuni. Muuza spea za mtumba akikuchukulia krauni kwenye rafu hii na pinioni kwenye ndoo ile, idadi ya meno inaweza kulingana kabisa na bado zikalia hadi ziishe. Hakuna oili wala fundi wa kuzipatanisha. Futa grisi kwa kitambaa, washa tochi ya simu, soma namba zote mbili. Zikitofautiana, au moja ikiwa imesagwa na grainda, rudisha hapohapo.

Chaguo langu la kwanza, na silifichi, ni Toyota: difu nzima ya mtumba kutoka Japani, ambayo haijawahi kufunguliwa. Difu ya nyuma ya Hilux hutoka kwa mbele ikiwa nzima, ukishachomoa ekseli na kufungua propela, na fundi hana haja ya kugusa mpangilio wa kiwandani. Kabla ya kulipa, piga chaki kwenye krauni, zungusha pinioni kwa mkono na uhesabu. Krauni ikimaliza mzunguko mmoja pinioni ikiwa imezunguka mara nne na nusu na kidogo, hiyo ni 4.556 kweli.

La pili ni seti mpya ya Toyota halisi. Ni ghali, na inataka fundi mwenye geji ya kupimia mchezo wa meno (ule ulegevu mdogo kati ya krauni na pinioni), ambao kwenye difu ya krauni ya inchi 8 ni mm 0.13 hadi 0.18. Anayepima kwa kutikisa na mkono usimpe. Nunua na beringi mpya na ile spesa ya kubonyea, bomba fupi linalokaa kati ya beringi za pinioni, kwa sababu ikishabonyea mara moja haifai tena. La tatu, seti za Nitro au Yukon za Marekani: ni nzuri, ila nasita kwa gharama ya kuzisafirisha.

Boksi zisizo na jina, za bei ya kutupa, ziache.

Gari la fowili linataka difu mbili zenye uwiano mmoja, mbele na nyuma. Hapo ndipo wauzaji wananikera. Wanakuuzia ya nyuma, wananyamaza, na ukirudi baada ya wiki kuulizia ya mbele, bei imepanda kwa sababu wanajua huna pa kukimbilia. Ukiunganisha fowili kwenye lami na difu zisizolingana, unavunja kitu. Ulizia zote mbili siku moja, dai bei ya pamoja, na risiti iandikwe uwiano. Wapo wanaoandika "difu ya Hilux" tu, ili kesho wakukatae.

Ukishafunga meno mapya, tia oili ya difu ya daraja la GL-5, endesha dakika 20 bila mzigo, acha ipoe kabisa, rudia. Usivute tela kabla ya km 800. Zikifika, mwaga oili hiyo na utazame chengachenga zilizonasa kwenye sumaku ya nati ya chini: unga mwembamba ni kawaida, ukikuta vipande vya kushikika kwa kucha, rudisha gari kwa fundi siku hiyohiyo.