Uzoefu wangu na seti ya violezo vya gitaa: milimita mbili zilizonitoa roho

"Magitaa si yanauzwa, bosi? Kwa nini ujitese?"

Hayo ndiyo niliyoambiwa dukani, Kariakoo, siku niliyorudi na gitaa langu nimelikumbatia kama mtoto mgonjwa. Ubovu wa kifaa ningeumeza, tumezoea. Lakini mtu aliyeniuzia vifaa vya kutengenezea gitaa aniulize kwa nini natengeneza gitaa! Ni kama muuza majembe akuulize kwani unga dukani umekwisha.

Ilikuwa masika, au mvua zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza. Nilinunua seti ya violezo vya plastiki ngumu: cha mwili, cha shingo, cha mfuko ambamo shingo inakaa, na reli ya kukatia mistari ya freti, vile vyuma vyembamba vinavyolala kukatiza shingo. Ndani yake mlikuwa na biti, yaani kisu, ya ruta (mashine ya kuchonga mbao), yenye beringi, na pakiti ya hiyo biti ilikuwa imefungwa kwa selotepu. Sikujali. Laki na themanini, nikalipa. Umbo ni lile la Fender, kampuni ya Marekani ya magitaa ya umeme, la kuanzia 1950: ubao bapa, shingo inafungwa kwa skrubu nne. Nililitaka hilo kwa sababu mtu mwenye ruta, keekee, klampu na subira anaweza kulimaliza barazani kwake. Mwanzilishi wake, bwana aliyeitwa Leo Fender, alikuwa fundi redio na gitaa hakujua kupiga, kwa hiyo tusitishane.

Mbao zilikuwa za mninga, na si mninga wa kununua. Zilitoka kwenye kitanda cha bibi, Mungu amrehemu, kilichokaa stoo tangu alipofariki. Mbao za umri ule zimekauka mpaka kwenye kiini; ukizigonga kwa kifundo cha kidole zinalia. Mama alinipa kwa sharti moja tu: "Usije ukazifanya kuni." Nikaziranda, nikabandika mbili juu ya mbili kwa gundi, nikaziacha kwenye klampu usiku kucha. Asubuhi nilikuwa na bonge la ubao la kupendeza, rangi ya asali yenye michirizi myeusi.

Kazi ya kiolezo haina siri. Unakigandisha juu ya ubao kwa tepu ya pande mbili, beringi inatambaa ukingoni mwake, na makali ya biti yanakata palepale beringi inapopita. Kiolezo kikinyooka, ubao unanyooka. Kikiwa na kilema, ubao unakirithi kilema hicho bila kupunguza hata chembe. Ndivyo nilivyoamini, na ndiyo maana hasira zangu zilikwenda zilikokwenda.

Mfuko wa shingo niliuchimba kwa awamu, milimita tatu tatu, mpaka 16. Vumbi la mninga linapaliza, nilijifunga kanga ya mke wangu puani. Nilipomaliza nikapuliza, nikachukua shingo ya mtiki niliyoikata kwa kiolezo cha seti hiyohiyo, nikaiingiza.

Ikatumbukia.

Mfuko mzuri haumezi shingo namna hiyo, unaikaba. Yangu ilikuwa inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Nikakunja vocha, nikaichomeka pembeni. Ikaingia. Nikachomeka ya pili. Ikaingia. Nikaketi sakafuni na vumbi langu.

Pengo lilikuwa milimita mbili. Kwenye meza au kabati ungeweka lipu ya mbao, ukapiga vanishi na kudai chako kwa mteja. Kwenye gitaa, shingo ikipinda kidogo tu pale mfukoni, nyuzi zote zinahama njia. Ule uzi mwembamba wa kwanza unasogea ukingoni kabisa, na ukiubonyeza kwenye freti za juu unateleza, unaanguka nje. Hapo hata upige nini, ni kelele.

Nilikwenda dukani na ghadhabu, ila nilijitahidi kuwa na adabu. Kijana wa pale hakuinua macho kwenye simu. Nikamwonyesha pengo na vocha zangu. "Wengine wamenunua, hawajalalamika." Nikamwambia mimi nimenunua na ninalalamika. "Kwani wewe ni fundi?" Nikasema najifunza. Ndipo akatoa ile kauli ya magitaa kuuzwa, na mwenzake aliyekuwa anapanga maboksi akacheka. Si kicheko kikubwa. Kile cha puani. Kinauma zaidi.

Nilipofika nyumbani nilifanya jambo ambalo mke wangu analisimulia kwa kila mgeni. Nilichukua msumeno wa chuma, nikakikata kile kiolezo cha mfuko vipande viwili, nikavitupia chini ya benchi. Siku hiyo ungeniuliza, ningekwambia seti nzima ni utapeli na usiguse.

Haki nayo isemwe: reli ya freti ni kitu kingine. Ukikata mistari ya freti kwa rula na macho utapotea, kwa sababu umbali unapungua kila hatua. Urefu wa uzi ni milimita 648. Gawa kwa 17.817, unapata kama 36.4, hapo ndipo freti ya kwanza. Kilichobaki kigawe tena kwa 17.817, unapata kama 34.3, hiyo ya pili, na kuendelea hivyo, mpaka ya 12 iangukie nusu kamili, 324. Ukikosea mmoja, gitaa halitaimba sawasawa maisha yake yote, hata ukikaza funguo mpaka zikatike. Reli hii ina vijino vilivyokatwa tayari. Unabandika ubao wako wa freti, ule unaolala juu ya shingo, pini inakaa kwenye kijino, unavuta msumeno, unasogeza. Ubao wangu ni wa mpingo, nilioupata kwa wachongaji wa Mwenge baada ya kupekua rundo zima, maana mpingo ulionyooka nusu mita ni wa kutafuta kwa tochi. Mgumu balaa, msumeno unalia kama unakata kokoto. Lakini nilipopima, freti ya 12 ilikuwa 324, juu ya mstari. Nilipima mara nne kwa raha tu. Nikasema basi, tuwape nyota tatu. Kisha nikakikumbuka kile kicheko cha puani, nikazishusha hadi mbili.

Gitaa lilikaa hivyo wiki kadhaa, limefunikwa shuka. Mama alipokuja kutembea aliliangalia, hakusema neno. Kesho yake nikalibeba, pamoja na ruta, mpaka Keko kwa mzee mmoja seremala anayefahamiana na shemeji yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leta tuone."

Nikaanza hotuba yangu kuhusu violezo vibovu. Mzee hakuutazama mfuko wala shingo. Akaomba ruta. Akaigeuza juu chini, akaegemeza rula ya chuma kwenye makali ya biti, akaniambia nichungulie. Kati ya rula na beringi mwanga ulikuwa unapita. Akaizungusha beringi kwa ukucha.

"Hii beringi na haya makali si ndugu. Wamekubandikia ya biti nyingine."

Tukapima. Makali 12.7, beringi 11.7. Kumbe kila nilipopita biti ilikuwa inakula nusu milimita zaidi ya kiolezo. Mfuko, ambao unakatwa kwa ndani, ukapanuka milimita moja: 57 badala ya 56. Shingo, ambayo inakatwa kwa nje, ikakonda milimita moja: 55. Ndizo zile mbili zangu. Violezo havikuwa na kosa hata la unywele. Na ile selotepu kwenye pakiti, sasa nikaielewa.

"Hukujaribu kwanza kwenye kipande cha paini?"

Nikanyamaza. Akaelewa.

Alichonifanyia nilikitazama kwa karibu ili nami nikijue. Alichukua kipande kilichobaki cha mninga uleule, akakiranda mpaka ukawa utepe wa milimita moja, ukiushika juani mwanga unapenya. Tepe mbili, moja kila upande wa mfuko, nyuzi za mbao zikifuata mkondo wa mwili, gundi, na kabari ya kubana. Siku ya pili akapitisha msasa kidogo, mara tatu, kila mara akijaribu shingo. Mara ya tatu ikaingia kwa kusukumwa. Akaishika shingo kwa mkono mmoja akainyanyua, na mwili ukafuata, bila skrubu hata moja. Akacheka, hiki cha mdomo mzima. Malipo alichukua ya soda na nauli.

Sasa linalia. Nimefunga pikapu mbili (si gari, mnielewe; ni sumaku za kunasa sauti ya nyuzi), na uzi wa kwanza unakaa ndani ya ubao mpaka freti ya mwisho. Mama amelishika mapajani, akapitisha kiganja mgongoni mwake, akaniuliza upande upi ulikuwa wa kichwani.

Kwa hiyo violezo ni vizuri. Nimesema. Biti ni ya kutupa, na ukinunua seti hii anza kwa kuegemeza rula kwenye beringi hapo hapo dukani, mbele yao. Duka lenyewe sijui niliweke wapi. Nikiandika nikiwa nimeshiba nalisamehe, nikiandika usiku nalichukia.

Shida yangu ni kwamba kwaya wanataka gitaa la pili, na kiolezo cha mfuko nilikikata. Nimeviunganisha vile vipande kwa supaglu. Upande mmoja vinasoma 56, kwenye ufa 56.8. Nikamtuma shemeji akaulize kama wanauza hicho kimoja peke yake. Hawauzi. Seti nzima tu, laki na themanini. Anasema aliyemjibu hakuinua macho kwenye simu.