Monster Hunter International: mhasibu, bosi zimwi na hundi ya serikali

Mimi ni mhasibu, kwa hiyo mbele ya kitabu hiki mimi si hakimu asiyependelea upande. Riwaya inaanza na mhasibu aliyebaki ofisini usiku, kwenye jengo refu mjini Dallas, mara bosi anayemchukia anaanza kuota manyoya na kucha mbele ya macho yake. Mwishowe bosi anatupwa nje ya dirisha la ghorofa ya 14. Nani kati yetu tunaofunga vitabu vya mwaka hajawahi kuliota jambo hilo?

Kitabu ni Monster Hunter International cha Mmarekani Larry Correia. Alikichapisha mwenyewe mwaka 2007, kisha kampuni ya Baen ikakichukua na kukitoa rasmi mwaka 2009. Correia naye alikuwa mhasibu, na aliwahi kuwa na duka la silaha jimboni Utah. Ukishajua hayo mawili umeshakijua kitabu: hesabu na bunduki, na katikati yake mazimwi ya kila aina.

Pambano lile la mwanzo ndilo litakaloamua kama utaendelea au utaacha. Owen Zastava Pitt, ambaye ndiye anayesimulia, ana kibastola kidogo anachokificha mwilini kinyume na kanuni za ofisi. Anamimina risasi zote. Bosi anaanguka, halafu matundu ya risasi yanaanza kujifunga yenyewe. Nilichokipenda ni kwamba mwandishi hafanyi haraka kumpa Owen ushujaa. Anamkimbiza kwenye korido, anampasua uso, anamwacha ateleze kwenye damu yake mwenyewe, na kila anachokishika kujiokoa ni kitu cha ofisini ambacho mimi nakishika kila siku. Unausikia uzito wa meza. Owen ni pande la mtu, aliwahi kuwa baunsa na kupigana ngumi za kulipwa za vichochoroni, lakini anapona kwa kubahatisha. Anazinduka hospitalini, na hapo anawakuta maofisa wawili wa serikali waliokuja kuhakikisha hajaambukizwa. Akiwa ameambukizwa, wanamuua palepale kitandani. Wanamweleza hivyo bila kupepesa macho.

Baada ya hapo anapata wageni wengine, hawa wakiwa na ofa ya kazi. Na hapa ndipo kitabu kinapojitofautisha na vingine vya aina yake. Kwenye hadithi tulizolelewa nazo, zimwi likivamia kijiji anaitwa mganga, au anatokea kijana jasiri asiyedai chochote. Huku anaitwa mkandarasi. MHI, yaani hiyo Monster Hunter International yenyewe, ni kampuni binafsi ya familia ya Shackleford, makao yake Cazador, Alabama, ina wanahisa wa ukoo, ina mafunzo kwa waajiriwa wapya, ina helikopta, ina mikataba na miji pamoja na matajiri wasiotaka habari zao zivuje. Serikali ya Marekani ina mfuko unaoitwa PUFF unaolipa kwa kila kiumbe aliyeuawa, na kila aina ina bei yake. Mfuko huo, kwa mujibu wa hadithi, ulianzishwa na Rais Theodore Roosevelt. Ukiua mnyonya damu mkongwe umetajirika. Ukiua zombi mmoja, labda hela ya mafuta inarudi.

Hiyo biashara ndiyo uhondo wenyewe. Wawindaji wanabishana kuhusu mgawo. Wanapiga hesabu ya risasi za madini ya fedha maana si rahisi. Serikali hiyohiyo inayowalipa iliwahi kuifungia kampuni yao, ikairuhusu tena baadaye, na bado inawatumia watu wa idara inayoitwa Monster Control Bureau kuwachunguza na kuwatisha. Aliyewahi kufanya kazi ya tenda za serikali atacheka kwa uchungu: mteja anayekudai vibali huku anakucheleweshea hundi anajulikana dunia nzima.

Owen anaikubali kazi, na wenzake kwenye mafunzo nao wamepatikana kwa njia hiyohiyo, yaani walikutana na zimwi wakabaki hai. Trip alikuwa mwalimu wa kemia aliyelazimika kupambana na wanafunzi wake mwenyewe walipogeuka mazombi. Holly alikuwa mcheza uchi wa klabu, akatekwa na wanyonya damu, na hapendi kuulizwa kilichotokea huko. Mwandishi anagusia tu yaliyompata Holly kisha anamwacha apige shabaha. Nilimheshimu kwa hilo. Kuna Milo, Mmormoni mwenye ndevu nyekundu, fundi wa kutengeneza silaha za ajabu, ambaye imani yake ni silaha kweli: humu ndani alama ya dini mkononi mwa asiyeamini ni pambo tu, lakini aliyeamini anaweza kumsimamisha mnyonya damu mlangoni. Msomaji wa kwetu, Mwislamu au Mkristo, hatahitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Vichekesho vipo vingi kuliko nilivyotarajia. Maorki, ambao kwenye fantasia za Kizungu huwa ni jeshi la wabaya, huku ni watu wa kampuni, wapole, wanaficha nyuso zao na wanapenda muziki wa metali hadi kuuabudu. Rubani wa helikopta ni mmoja wao, anaitwa Skippy, na anaruka huku spika zikipasuka. Elvu nao, wale tuliozoea kuwaona kwenye sinema wakiwa warembo wenye nywele laini, wanaishi kwenye nyumba za matrela kule Mississippi, wamenenepa, wanatazama televisheni, na malkia wao ana mdomo mchafu. Nilicheka kwenye daladala hadi jirani yangu akasogea.

Sasa kasoro, na si ndogo.

Bunduki zimezidi. Owen ana shotigani aliyoitengeneza kwa mkono wake, aina ya Saiga, ameipa jina la Abomination, na tunaelezwa kila skrubu yake. Sisi tuliosoma Willy Gamba na Joram Kiango tumezoea mpelelezi anayejua chombo chake, lakini kule bastola inatajwa kisha inatumika. Huku kuna aya nzima ambazo ni kama umekaa na muuzaji anayekataa kufunga duka. Nilijifunza kuziruka, na sikupotea njia hata kidogo.

Pia kuna suala la unabii. Adui mkuu ni Lord Machado, Mreno wa enzi za kuteka nchi za watu, aliyefanya mkataba na nguvu za giza na sasa amerudi na wanyonya damu wakongwe nyuma yake. (Sisi wa Pwani hatushangai kabisa adui mkuu kuwa Mreno.) Ili tumjue, Owen anaota ndoto, na ndani ya ndoto anaongozwa na mzee wa Kiyahudi, marehemu. Mzee mwenyewe ni mtamu, ana utani mkavu. Ila kila ndoto inapoanza, mwendo unapoa. Na polepole tunaambiwa Owen ni mteule, amezaliwa kwa kazi hii. Hapo mwandishi aliniudhi. Raha yangu ilikuwa mtu wa kawaida wa hesabu aliyejikuta na kazi mpya yenye bosi mzuri. Ukishamfanya mteule, zile shida za mshahara na mafunzo zinakosa maana.

Mapenzi? Owen anampenda Julie Shackleford tangu siku ya kwanza, na anatuambia hivyo mara nyingi mno. Julie ni mdunguaji hodari, mwenye akili kumshinda Owen, na baba na mama yake wana mkasa unaouma kuliko chochote kingine humu. Nisiwamalizie uhondo. Lakini mwanamume anayeshindana na Owen kwa Julie, anayeitwa Grant, amechorwa ili tumchukie tu. Ni mzuri wa sura, ana majivuno, basi. Siasa za mwandishi nazo hazijifichi: serikali ni mzigo, raia mwenye silaha ni wokovu. Mimi niliisoma kama sauti ya Owen nikaendelea, mwingine inaweza kumkera.

Kiingereza chake ni chepesi, cha mazungumzo, kina matusi. Toleo la jalada laini lina kurasa zaidi ya 700, na sehemu za meli ya mizigo iliyokutwa baharini ikiwa imejaa maiti wanaotembea nilizimaliza usiku mmoja. Usimpe mtoto wa shule ya msingi. Baen wamekuwa wakikiweka kwenye maktaba yao ya bure mtandaoni, na mimi nilikipata huko kwa simu, kwa hiyo kabla hujaagiza nakala ya karatasi kwa nauli ya kutoa machozi, chungulia huko kwanza. Wasiopenda kusoma kwenye kioo, kipo pia cha kusikiliza, kimesomwa na Oliver Wyman, na sauti yake ya Skippy peke yake inalipa.

Nyota nne kati ya tano. Cha pili, Monster Hunter Vendetta cha 2010, kinaendelea na Owen, lakini mimi ninayemfuata ni Franks, yule ofisa wa serikali wa hospitalini, asiyesema zaidi ya maneno matatu kwa siku na anayegongana na kila mtu kama lori lisilo na breki. Amepewa kitabu chake mwenyewe mwaka 2014, Monster Hunter Nemesis, na ndicho kinachofuata kwenye simu yangu.