Darwin's Nightmare: nilivyoiona nikiwa Kirumba

Hii filamu ya hali halisi, kuhusu sangara wa Ziwa Victoria hapa Mwanza, nimeikwepa miaka mingi. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliisema vibaya kwenye hotuba, watu wa Mwanza wakaandamana kuipinga, na sidhani kama nusu yao walikuwa wameiona. Juzi nikaiwasha sebuleni kwa mama mdogo, karibu na soko la samaki la Mwaloni. Yeye kauza mapanki, yaani mabaki ya sangara, tangu sijaanza shule.

Aliyeitengeneza ni Hubert Sauper wa Austria. Ilitoka 2004 na ikafika mpaka kuwania Oscar. Inakwenda dakika 107 bila msimulizi. Mwanzoni kivuli cha ndege kinateleza juu ya ziwa, halafu muongoza ndege kule mnarani anahangaika kuua wadudu kwenye kioo. Basi, ndiyo hivyo. Kama umezoea filamu za kibanda umiza, kile kibanda cha video cha mtaani, zenye mtu wa kutafsiri kwa makelele, hapo utasinzia. Mimi ndipo iliponishika.

Tukafika kwenye mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kupanda ndege kwenda Ulaya. Matope, funza, wanawake wanaanika vichwa juani. Mama mdogo aliacha kuchambua mchele.

"Hapo hajadanganya," akasema. "Ile harufu inakula macho."

Kidogo tena: "Ila mwanangu, mtu wa mbali akiona hivi atajua tunakula uchafu. Kichwa cha sangara kikikaangwa kikaiva, wewe si unakijua?"

Nakijua. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye karai lile. Kwenye filamu hii panki ni alama ya njaa, na njaa ipo kweli, lakini pia ni biashara ya watu wenye akili zao na hesabu zao. Hilo sikulisikia uzito wake.

Kinachonikera zaidi ni habari ya silaha. Filamu nzima inakunong'oneza kwamba ndege zinazobeba samaki huja na bunduki. Mwishoni rubani anakiri kupeleka vifaru Angola. Sawa, lakini Angola siyo Mwanza. Kama unanishtaki, nionyeshe.

Pamoja na hayo, kuna Eliza, binti anayeishi kwa kuwastarehesha marubani. Anaimba wimbo wa kuisifu Tanzania, ule tulioimba sote mstarini shuleni. Wazungu wanasoma maandishi chini ya picha. Sisi tunaisikia sauti yenyewe. Mama mdogo alianza kuitikia, akaishia njiani. Baadaye tunaambiwa Eliza ameuawa na mteja. Nilitaka kuzima, akanizuia.

Naipa nyota nne kati ya tano. Usiiangalie kwenye simu, lile ziwa litapotea. Na watoto wakalale kwanza.

Ilipoisha nilidhani mama mdogo atasema neno kuhusu Eliza. Akavuta ungo wake, akasema, "Hebu rudisha pale kwa yule wa wadudu."