Kufufua DT125 kwa mfuko mwembamba: seti ya spea za bei chee inafaa wapi, haifai wapi

Pikipiki yenyewe ni Yamaha DT125 ya zamani, ile ya mipigo miwili yenye breki za ngoma mbele na nyuma. Nilitaka ya kupita porini, si ya kuonyesha watu, kwa hiyo rangi na stika sikuzigusa na sina mpango nazo. Ilikuwa imesimama muda mrefu: tanki lina kutu, cheni imekauka kama fimbo, na kiki ukiikanyaga inashuka bila upinzani wowote.

Nilipoinua silinda, kabla ya kununua hata gasketi, nilishika konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krankishafti (mhimili unaozunguka chini ya silinda), nikaivuta juu na chini. Hapo haitakiwi kucheza hata kidogo. Ikitikisika kushoto na kulia ni kawaida. Yangu ilikuwa imara. Ingecheza juu-chini ningeiuza vipande vipande, kwa sababu kupasua injini nzima na kupeleka krankishafti ikapigwe presi ni gharama inayoweza kupita thamani ya pikipiki.

Ndipo nikaagiza ile seti ya bei rahisi isiyo na jina la maana: pistoni, ringi, pini, gasketi na sili za oili (pete za mpira zinazoziba mahali mhimili unapotokea), vyote katika boksi moja. Pistoni ya DT125 ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 56, na za kuongezea ukubwa hupanda kwa robo milimita: 56.25, 56.50, na kuendelea. Silinda yangu ilikuwa na mikwaruzo, ya kuchongwa ipanuke kidogo, nikachukua ya 56.50. Niliipima kwa maikromita, ikawa sawa. Vijiti vidogo vya kuzuia ringi zisizunguke vilikuwa vimekaa vizuri, na hilo ni la kuangalia kwa makini, maana ringi ikizunguka ncha zake hunasa kwenye matundu ya gesi yaliyo ukutani mwa silinda na kuvunjika. Gasketi pia hazina shida.

Sili ndizo zilizonikera. Mpira wake ulikuwa mkavu, ukiukunja unabaki na alama. Kwenye injini ya mipigo minne ungeweza kusema potelea mbali, itavuja kidogo tu. Hii si hivyo. Mchanganyiko wa petroli na hewa hupita ndani ya kesi ya krankishafti kabla ya kupanda kwenye silinda, kwa hiyo sili ndiyo mlango. Ya upande wa magneto (kifaa kinachozalisha umeme injini ikizunguka) ikipitisha hewa, petroli inapungua kwenye mchanganyiko, injini inapata joto, mzunguko unabaki juu hata ukiachia mafuta, mwisho pistoni inakwama ndani ya silinda. Ya upande wa klachi ikichoka, injini inanyonya oili ya gia na unatoa moshi mweupe usioisha. Watu wengi hapo huhangaika na kabureta, wakibadilisha jeti (vitundu vya kupimia petroli) hii na ile, na ugonjwa uko kwingine kabisa.

Basi zile sili nikazitupa. Sili ya zamani huwa imeandikwa vipimo ubavuni: kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Nenda navyo kwa muuza beringi, atakupa yenye ubora kwa bei isiyotisha, bila kujali imetoka kwenye pikipiki au pampu ya maji. Beringi za magurudumu nazo nilizipata kwa njia hiyohiyo, kwa namba zake. Kwangu hii ndiyo akiba kubwa kuliko zote katika kazi nzima.

Huduma ya kuchonga silinda ningeipa alama za juu. Fundi alikataa kuanza mpaka nimpelekee pistoni mkononi, akachonga kwa kuifuata yenyewe, kisha akalainisha kingo za matundu ambazo kisu huziacha kali. Ukikutana na fundi anayesema "niletee silinda tu, saizi naijua", chukua silinda yako uondoke.

Kabureta niliiacha ileile Mikuni. Za kuiga zipo tele, lakini ya zamani ikisafishwa vizuri haina mpinzani. Jeti nilizizibua kwa uzi mmoja wa waya wa shaba. Wa chuma unapanua tundu. Tanki nililijaza siki na nati kadhaa, nikalitikisa kila nilipopita karibu yake, kisha nikalisuuza kwa maji ya magadi na kulipaka oili ndani siku hiyohiyo, kwani chuma kilichotoka kusafishwa kutu huanza kuishika upya kikiwa bado kinakauka.

Pampu ya oili, ile inayopeleka oili ichanganyike na petroli ndani ya injini, inafanya kazi, ila baada ya kuifungua hewa hukaa kwenye mrija. Tanki la kwanza nilichanganya oili mililita 20 kwa kila lita ya petroli, juu ya ile ya pampu. Ilitoa moshi wa kuaibisha, na plagi ikachafuka mara moja. Sijali, pistoni iko salama.

Betri bado sijanunua. Moto wa plagi unatoka kwenye magneto, injini haiihitaji. Kinachofuata ni tairi, na hapo nina bahati: inchi 21 mbele na 18 nyuma ni saizi ambazo pikipiki nyingi za porini bado zinavaa hadi leo.