Nilifungiwa geti nje, mke na mtoto wangu wamo ndani

Wanaouliza kama wakodi lile gati la shambani, pa kuegesha boti ya kuishi, kwenye mfereji wa Grand Union, kaskazini mwa London, upande usio na njia ya miguu, nisikilizeni kabla hamjalipa. Nimekaa pale zaidi ya miaka miwili. Pazuri, sikatai. Bomba la maji liko hatua chache tu, majirani waungwana, usiku husikii kitu ila bata. Mwenye shamba wa mwanzo alikuwa mzee mstaarabu. Akauza.

Siku moja baridi inaanza, natoka dukani, mtungi wa gesi wa kilo 13 begani, mvua inanyesha, nakuta geti limepigwa kufuli jipya. Jipya hasa, kibandiko cha bei bado kimeganda chini yake. Taa ya jikoni naiona inawaka. Mke wangu na mtoto wamo botini, hawana pa kutokea, nami niko nje kama mwizi. Nampigia mwenye shamba mpya, simu inaita tu. Karibu saa nzima! Alipofika hata pole hakunipa. Akafungua, akanitangulia, akapanda botini na mabuti yake ya tope. Bila hodi. Mke wangu amejifunga kanga tu, akakimbilia chumbani.

"Hii siyo nyumba, ni boti," akaniambia. "Iondoe kwenye maji yangu."

Maji yake? Yeye ana ukingo. Mfereji ni wa Canal & River Trust, shirika la hisani la mifereji, waliourithi kutoka British Waterways ya serikali mwaka 2012, na ndio ninaowalipa leseni. Yeye nilikuwa namlipa kwa kufunga kamba kwenye ardhi yake, basi.

Lakini mkataba ulinikata maini. Nilipousoma tena niliona nimepewa kibali cha kuegesha, sikupangishwa, kwa hiyo zile kinga za mpangaji wa nyumba hazinifikii. Wiki nne, nikaondoka. Na ukishakosa gati la kudumu, sheria ya mwaka 1995 haikuruhusu kukaa mahali pamoja mfululizo zaidi ya siku 14, labda uwe na sababu ya maana. Tena tangu Aprili 2024 leseni ya boti isiyo na gati la kudumu ina nyongeza ya ada. Mwanangu yuko shule ya msingi. Kila wiki mbili nimpeleke shule kutokea wapi?

Nilipoanza kuandika nilitaka kutoa nyota tatu, kwa ajili ya bomba na utulivu. Pengine wewe utaelewana naye; watu hawafanani. Ila nikikumbuka yale mabuti kwenye zulia letu la kuswalia, hapana, msiende! Nyota moja, na hiyo ni ya jirani wa boti ya kijani aliyewapitishia mke wangu na mtoto supu dirishani huku mimi nagonga geti.

Amana yangu hajanirudishia mpaka leo.