Usiku wa hadithi za Jojia juu darini, Mkomani Lamu

Jumamosi nilienda na wanangu wawili na mamangu kwa nyumba moja ya wageni huku Mkomani, wameanzisha usiku wa hadithi juu darini chini ya makuti, mia tatu mtu mzima, watoto bure. Nilienda shingo upande maana nilidhani Jojia ni ile ya Marekani, kumbe ni nchi ya milima ya Caucasus, mji mkuu Tbilisi, na msimuliaji ni binti wa huko huko, yeye asimulia kwa Kingereza na kijana wa Langoni anatia Kiswahili.

Sisi tuna paukwa pakawa, wao hufungua kwa "iqo da ara iqo ra", yaani ilikuweko na haikuweko. Aliwafundisha watoto waseme wote pamoja kabla hajaanza.

Hadithi ilonikaa ni ya Natsarkekia, mchokoa majivu. Mvivu wa kukaa mekoni tu, na nyumba zao za kale jiko lilikuwa katikati kabisa, moshi watokea tundu la juu, kwa hivyo mvivu kama huyo yuko njiani mwa kila mtu, wakamchoka wakamtoa. Kaondoka na jibini mbichi, msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, na mfuko wa majivu. Akakutana na devi, ndo mazimwi yao hayo, mengine yana vichwa tisa. Zimwi likakamua jiwe, yeye akakamua jibini maji yakachuruzika, zimwi likaogopa. Wakavuka mto yeye yuko mgongoni, zimwi lauliza mbona mwepesi hivi, akalijibu nimeishika mbingu kwa mkono mmoja, nikiiachia hutaniweza. Iachie nione! Akatoa msharasi akalidunga shingo, na hapo binti alikuwa amesimama, mkono mmoja kashika boriti ya makuti, wa pili adunga hewani, watoto wote darini wakapiga kelele SHIKA MBINGU, SHIKA! Mamangu alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso, akasema huyu ni sungura wetu tu. Mimi naona sungura ana mbio, huyu hana kitu isipokuwa vya jikoni, na ndo nilompendea.

Sasa walipokosea. Tulianza kuchelewa karibu saa nzima, kahawa ikaja hadithi zishaisha, na ile ya Amirani, shujaa alofungwa minyororo ndani ya mlima, mkalimani aliikimbiza mbio mbio hata sikujua alifungwa kwa kosa gani. Hadithi kubwa kama ile ipewe usiku wake jamani. Pia wawekeni wazee viti, mkeka si wa magoti yote.

Lakini ile ya kufungia wallahi ni tamu: shida kule, furaha hapa, pumba kule, unga hapa. Mamangu aliiomba mara mbili, akashuka ngazi akiisema taratibu, pumba kule, unga hapa, kila kidato.

Nawapa nne kwa tano. Jumamosi ijayo wako tena baada ya isha, wahini mkae mbele.