Uma wa mipini miwili wa Kamukunji, kwa wenye mianzi

Kama unavuna mianzi kila msimu na udongo wake umeshupaa, nunua uma huu unaotengenezwa na mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi. Tunautumia shambani kwetu Dagoretti, bondeni karibu na mto, kwenye udongo mwekundu. Mianzi yetu ni Bambusa vulgaris, na wateja wengi ni wajenzi.

Ni mhimili wa chuma wenye meno matano ya nondo ya milimita 16, kila jino karibu sentimita 30, na mipini miwili mirefu ya paipu. Unasimamisha meno wima, unakanyaga mhimili mpaka yazame, unashuka, kisha unavuta mipini kuja kifuani. Ardhi inainuka, inapasuka, inatua tena. Haipinduki, na hapo ndipo uma huu unapolishinda jembe la meno, ambalo hugeuza udongo na kukatakata mizizi myembamba. Mizizi mingi ya mianzi iko hapo juu juu tu.

Shamba linalovunwa sana hushindiliwa na wilbaro, miguu ya wakataji na fito zinazoburutwa, halafu linalishwa mbolea ya dukani bila mboji. Kwetu maji yalituama kati ya mashina hata mvua ikiisha, na ukichimba kidogo unapata harufu ya uozo. Mzizi nao unapumua. Ukikosa oksijeni, hata mbolea uliyoinunua ghali hauwezi kuinyonya vizuri.

Matandazo pia yana kiasi. Huko Zhejiang, China, wakulima wa mianzi ya Lei, aina ambayo machipukizi yake huliwa, hufunika shamba kwa tabaka nene la nyasi kavu na makapi ya mpunga wakati wa baridi ili udongo upate joto na machipukizi yawahi soko. Wakirudia hivyo mwaka baada ya mwaka, udongo unakosa hewa, asidi inazidi, na rizomu, yaani mashina yanayotambaa chini ya ardhi, zinapanda juu. Kwa hiyo ukiletewa lori la unga wa mbao, tafadhali usilimwage lote shinani.

Sisi tulipasua njia za katikati, tukajaza mboji kwenye matundu. Mvua za masika zilipokuja maji yalizama, na machipukizi ya upande huo ni manene kuliko ya upande ambao haujaguswa. Nimefurahi sana.

Kasoro zipo. Jino la pembeni lilipogonga jiwe liliachia pale lilipochomelewa. Fundi alilirudishia bila malipo, ila ilibidi kuubeba uma mpaka mjini, na ni mzito kweli. Paipu inachubua viganja, tumeizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Kwa udongo mweusi wa Embakasi sina hamu ya kuupendekeza: ukilowa unanasa kwenye meno, ukikauka ni tofali.

Fanya kazi hii kabla ya mvua, udongo ukiwa na unyevu kidogo tu, na uache nusu mita kutoka kwenye shina. Machipukizi yakishaanza kutokeza, uma ukae stoo.

Nililipa shilingi 3,500 baada ya kuvutana bei. Mwambie fundi anoe ncha za meno na achomelee kila jino pande zote mbili, nawe usimame hapo hapo umwangalie mpaka amalize.